Tumelipwa Tukapigwe

Harlow, Mississippi
6 Juni 1994

Mdogo wangu Cleophus,

Nakuandikia asubuhi mapema kabla joto halijanivua akili. Huku tu wazima. Mama analalamikia nyonga, na akimaliza nyonga anahamia kwa mchungaji mpya, eti anahubiri kama muuza magari. Namwambia, Mama, angalau huyu anauza. Mwanao Demetric likizo hii anafanya kazi kiwanda cha kambare, anarudi ananuka mpaka mbwa wanamfuata. Na anavyokula! Juzi nilikaanga samaki wa watu wanne, nikaenda kupokea simu, kurudi nikakuta mifupa. Tangu marehemu mkeo Loretta aniachie mtoto huyu sijawahi kuona sufuria iliyobaki kitu.

Sasa habari yenyewe. Mzee Battle amestaafu, na kiti chake nimepewa mimi. Dada yako ndiye mkuu wa michezo wa Chuo cha Tolliver. Mwanamke! Wazee wa bodi walinung'unika hadi wakaishiwa pumzi. Ila usinipongeze haraka, maana nilichorithi ni vumbi. Basi la timu linazimika kila kilima. Wasichana wetu wa mbio wanakimbia na viatu vya kushonwashonwa. Bodi imeniambia waziwazi: timu ya mpira ijilipie, la sivyo inafungwa, na ikifungwa hiyo, riadha na bendi zinaifuata.

Basi nimekubali. Tarehe kumi Septemba tunakwenda Chuo Kikuu cha Langford, kwenye uwanja wao ule wa watu elfu themanini. Wao wanapata ushindi wa kufungulia msimu, tiketi zinakwisha, televisheni inawalipa. Sisi tunapata cheki inayotuvusha mwaka. Hatutashinda, hilo hata paka wa Mama anajua. Demetric atacheza safu ya mbele kama kawaida yake. Usiwe na wasiwasi.

Dada yako,
Vernita


Melini, nje ya Duluth
3 Julai 1994

Dada,

Barua yako ilinifikia Detroit. Boti ya posta ilikuja ubavuni tukashusha ndoo kwa kamba, ikapanda na gazeti, soksi za nahodha, na wewe. Mimi mzima. Bado napikia mabaharia wasiojua tofauti ya chumvi na mchanga, meli bado inabeba mawe ya chuma kwenda na kurudi, na ziwa bado ni baridi hata Julai. Mwambie Mama nimepata ile dawa ya kuchua, nitaituma.

Hongera kwa cheo. Umekitafuta kwa jasho na hakuna wa kukunyang'anya.

Ila dada, hivi kweli una akili timamu? Langford? Nilipoitaja jikoni, Stanek, fundi wetu wa injini, mshabiki wa Langford tangu anyonyeshwe, alicheka mpaka akamwaga supu. Akasema, "Cleo, yaani hao ndugu zako wanalipwa waje kuchinjwa?" Nilitamani kumpiga mwiko, lakini ningemjibu nini? Mpira wetu huu wa Kimarekani ni wa kukumbana kwa vichwa na mabega. Vijana wa Langford wamelishwa nyama tangu tumboni, wana madaktari wao, wapishi wao, kila mmoja ana upana wa mlango wa kanisa. Wetu wanakula maharage kantini na usiku wanasoma ualimu.

Nielewe vizuri. Cheki mnaihitaji, naelewa. Nakuomba kitu kimoja tu: Demetric asicheze siku hiyo. Mwambie kocha Purvis amkalishe benchi, aseme anaumwa tumbo, aseme lolote. Mtoto huyo ndiye niliyebaki naye. Nilimzika mama yake, siwezi tena.

Ndugu yako,
Cleophus


Harlow
29 Julai 1994

Cleophus mpenzi,

Dawa imefika, Mama anaipaka hadi kanisani, safu nzima inapiga chafya. Anakushukuru, ila anauliza kama huko kwenye maziwa yako hakuna wanawake wa kuoa. Mimi sikumtuma.

Nimerudi kutoka Langford kutia sahihi. Usicheke, nilivaa ile suti ya kijani ya mazishi ya mjomba, sina nyingine. Alinipokea kijana wao wa masoko, meno meupe, ofisi ina zulia linalomeza viatu. Unajua aliniuliza nini kwanza? Si wachezaji wetu, wala kocha. Bendi! "Mama Gathings, bendi yenu ni maarufu. Je, inaweza kupiga na mwisho wa mchezo, siyo katikati tu?" Nikamuuliza kwa nini. Akasema bila haya: mechi ya namna hii watu wao huchoka mapema, wakishaona mabao mengi wanaondoka, na wakiondoka soda na soseji hazinunuliwi, na tangazo la benki linalowekwa robo ya mwisho ya mchezo linasomewa viti vitupu. Bendi ikiahidiwa mwisho, watu watakaa. Amekwisha chapa mabango. Kwenye mabango wamo wapiga tarumbeta wetu, na wapiga ngoma. Mchezaji wetu hata mmoja hayumo.

Nilitaka kuinuka niondoke. Nikakumbuka lile basi. Nikatia sahihi.

Kuhusu Demetric, nimekusikia, na nililia kidogo. Lakini wenzake wamemchagua nahodha. Nimkalisheje benchi nahodha kwa ugonjwa wa tumbo? Angenichukia maisha. Mpigie simu wewe mwenyewe. Neno la shangazi analisikia, lakini la baba yake ndilo analolala nalo.

Vernita


Duluth
22 Agosti 1994

Dada,

Haraka haraka, tunapakia na tunaondoka jioni. Mama asibebe ndoo, mwambie nimesema mimi.

Nimempigia Demetric simu ya bandarini. Tumezungumza kama baba na mwana. Tumeelewana, na wewe usimuulize tulichosema. Hayo mengine namwachia Mungu. Stanek ameleta redio kubwa, siku hiyo meli nzima itasikiliza.

Cleophus


Jackson, Mississippi
18 Septemba 1994

Cleophus,

Najua umekwisha sikia redioni, na najua telegramu ya chuo ilikufikia. Nisamehe kwamba ninakuandikia leo tu. Kila nilipoanza nilichana karatasi. Mama amekuja huku kwa basi, analala kwenye kiti cha hospitali na hataki kurudi nyumbani. Wanakanisa wanatuletea chakula kwa zamu, mtu asije akakuambia tumekosa kitu.

Nitakuambia kama ilivyokuwa. Tulifungwa sitini na sita kwa bila. Hadi mapumziko ilikuwa arobaini na tano. Wavulana wetu wawili walikwisha tolewa, mmoja kwa goti, mmoja kwa mkono. Nilikuwa nimekaa kule juu kwenye chumba cha vioo, kati ya watu wa benki, wananikaribisha kamba wa baharini na mvinyo, wananiambia, "Vijana wenu wana moyo." Moyo! Nilitaka kumtapikia mtu.

Robo ya nne, uwanja ulikuwa umejaa bado. Yule kijana wa masoko alikuwa sawa, watu walikaa kungojea bendi. Demetric alikuwa amechoka, kila mtu aliona. Alipotakiwa kumzuia mchezaji wao mmoja mkubwa aliinamisha kichwa, nawe ulimfundisha tangu mdogo asiinamishe. Wakakumbana. Yule mwingine akainuka. Demetric hakuinuka.

Ni shingo. Wamempasua. Vidole vya mikono anavisogeza na mabega anayainua, anakula mwenyewe kidogo kwa kijiko kilichofungwa mkononi. Miguu haijajibu. Daktari anasema tusubiri uvimbe ushuke, lakini ananiambia hivyo akiangalia sakafu.

Akili yake iko sawasawa. Anakuulizia kila siku. Njoo, mdogo wangu. Panda basi lolote.

Vernita


Melini
3 Oktoba 1994

Vernita,

Wasalimie wote. Mama apumzike.

Siwezi kuja sasa. Nahodha amekataa, hakuna mpishi wa kushika nafasi yangu kabla ya msimu kwisha. Ndiyo hali.

Lakini nina swali, na unijibu kama mtu anayemwogopa Mungu. Redioni mtangazaji alisema hivi, kwa masikio yangu: wakati wa mapumziko kocha wa Langford alituma mtu kwa upande wetu, akapendekeza robo mbili za mwisho zifupishwe, kwa huruma. Sheria inaruhusu, pande zote zikikubali. Mtangazaji akasema, "Wageni wamekataa." Stanek mwenyewe alizima sigara akaniangalia.

Mbona hilo barua yako haikulitaja? Umetaja kamba na mvinyo, hilo hukulitaja! Mkuu wa michezo ni wewe. Mkataba ulitia sahihi wewe. Wageni waliokataa ni nani kama si wewe? Ulikataa ili bendi yako ipige mwisho na wazungu wauze soseji zao? Robo zingefupishwa, mwanangu angekuwa ameketi benchi anakunywa maji. Nilikuomba kitu kimoja tu. Kimoja!

Umemuuza mtoto wa marehemu.

Cleophus Gathings


Jackson
25 Oktoba 1994

Cleophus,

Mama hajambo, amerudi Harlow kuangalia nyumba. Demetric amehamishwa, sasa yuko kituo cha mazoezi ya viungo hapa hapa Jackson. Anakaa kwenye kiti kwa mikanda. Wiki hii alimtania muuguzi, nilifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. Miguu ndiyo hiyo hiyo.

Umeniuliza, nakujibu. Ndiyo. Ni mimi niliyekataa. Mkataba ulisema mchezo uchezwe wote, niliogopa cheki itakatwa. Nikane nini tena? Nichukie ukitaka, ukubwa ni jalala. Lakini usimwachie mtoto chuki yako na mimi. Mwandikie yeye. Mpigie, muuguzi atamshikia simu sikioni. Hukumpigia hata mara moja, Cleophus, na yeye anahesabu.

Vernita


Harlow
27 Novemba 1994

Cleophus,

Barua yangu ya Oktoba hukuijibu. Sawa.

Tulimleta Demetric nyumbani kwa sikukuu ya shukrani. Wanaume wa kanisa walijenga njia ya mbao ya kupandishia kiti chake cha magurudumu, wakabishana siku nzima juu ya misumari. Mama aliokota mzaha wake wa zamani, akamwambia, "Sasa angalau ukila chakula cha wanne hutakimbia zamu ya kuosha vyombo." Mtoto akacheka, halafu akalia, sote tukalia, bata mzinga akapoa mezani. Kitanda chake tumekiweka sebuleni.

Alinena neno nikaona nikuandikie hata kama hutasoma. Tulipomaliza sala alisema, "Shangazi, baba ananikasirikia?" Nikamwambia hapana, baba yako anapika. Akasema, "Miezi yote hii anapika?"

Nilienda jikoni, nikafungua bomba la maji ili asinisikie.

Vernita


Toledo, Ohio
30 Desemba 1994

Dada yangu,

Sijui nikuamkie vipi. Salamu kwako, kwa Mama, kwa nyumba nzima.

Krismasi nilimpigia. Nilikunywa kwanza, sitakuficha. Alikuwa mpole mno, ananiuliza habari za meli, kama mimi ndiye mgonjwa. Nikaanza kukutukana wewe. Nikasema, shangazi yako alikuuza. Akaniacha nimalize. Kisha akasema, "Baba, acha. Shangazi hakukataa. Alishuka mbio kutoka kule juu, alikuja chumba cha kubadilishia nguo analia, akatuambia tufupishe, hata cheki ikikatwa ikatike. Kocha Purvis naye akakubali. Mimi ndiye nilisema hapana. Mimi nahodha. Nilisema tukifupisha naenda kucheza peke yangu, wenzangu wakaona aibu, wakasimama na mimi." Nikamuuliza, kwa nini, mwanangu? Akasema, "Kwa sababu ya ile simu."

Dada, nitakuambia ile simu. Nilikwenda bandarini kumwambia asicheze. Haki ya Mungu nilikuwa na hilo kinywani. Lakini Stanek na wenzake walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu wakingoja zamu yao, wanasikia kila neno, wanajizuia kucheka. Majira yote ya joto walinifanya kichekesho, kuku wa kulipwa achinjwe. Basi nikapandisha sauti ili wasikie wao. Nikamwambia mtoto: "Gathings hatoki uwanjani saa haijaisha. Wakikuonea huruma usipokee. Ukitoka kabla ya dakika ya mwisho usinipigie tena, mimi si baba yako." Nikakata simu, nikageuka, Stanek akanipa mkono. Nikajiona dume.

Redio iliposema wageni wamekataa, nilijua. Palepale nilijua. Nahodha wa meli hakunizuia, aliniambia niende siku ile ile, alitaka kunilipia nauli. Mimi nilikataa. Nilitafuta wa kumtupia, nikakupata wewe, nawe ukapokea.

Kwa nini ulidanganya, Vernita? Kwa nini uliniacha nikutukane?

Meli imefungwa kwa baridi. Niko huru hadi Machi. Nije au nisije?

Cleophus


Harlow
10 Januari 1995

Mdogo wangu,

Mama mzima, baridi imempunguzia ulimi kidogo tu. Mchungaji amekuja kututembelea na Mama akamkubali, eti mtu anayekula mikate mitatu ya mahindi hawezi kuwa mwongo.

Unauliza kwa nini nilidanganya. Mtoto aliniomba. Siku ile alipozinduka, hata kabla ya kuuliza miguu yake, aliniambia, "Shangazi, baba asijue ni mimi. Atajua ni ile simu, na akijua hatarudi nyumbani tena." Anakujua kuliko unavyojijua. Nikaona mimi nina mgongo wa kubebea hilo, hata kama uliuma. Na uliuma, Cleophus. Ile "umemuuza mtoto wa marehemu" nimeisoma mpaka karatasi imechanika. Nimekusamehe, lakini usidhani nimesahau.

Njoo. Usiulize tena nije au nisije, kama mgeni. Ukifika usisimame mlangoni kulia, ingia moja kwa moja ukakae karibu na kitanda. Amekonda, jiandae. Atakufanyia mzaha, mcheke. Kunyoa anataka anyolewe na wewe, mimi namkata kila mara.

Sasa la pili, ulijue kutoka kwangu usije ukalikuta njiani. Langford wameandika. Wamefurahi sana. Wanasema haijapata kutokea mechi ya kufungulia msimu ambayo watu walikaa hadi mwisho namna ile, waliuza kila kitu, na benki inataka mkataba mpana zaidi. Wanatutaka tena Septemba. Na yule kijana wa meno meupe ana wazo: Demetric asukumwe katikati ya uwanja wakati wa mapumziko, kocha wao amkabidhi shati lenye jina lake, watu wapige makofi, mabango yawe na picha yake. Sasa ndiyo wanataka picha yake.

Hilo nililikataa kabla sijamaliza kusoma, na nilitumia maneno ambayo mkuu wa michezo hapaswi kuyajua. Lakini mechi, Cleophus. Nilikaa na karatasi ile sebuleni usiku na mchana. Cheki ya mwaka jana ilikwisha zamani: basi, wasichana, na nusu nyingine kituo cha Jackson, kwa sababu bima ya chuo ililipia wiki chache ikafunga mkono. Bila Langford, mwakani Tolliver haina timu wala bendi, na Demetric hana wa kumlipia mazoezi. Nilimuuliza yeye. Aligeuza uso ukutani, akasema, "Tia tu sahihi, shangazi."

Nimetia. Nimelazimisha waandike kwamba robo zikifupishwa hakuna senti inayokatwa, na kwamba wa kuamua ni mimi peke yangu, mtoto yeyote asiulizwe. Ndicho nilichoweza.

Nafasi ya Demetric kwenye safu ya mbele amepewa kijana anaitwa Tyrus, wa Greenlee, mpole, mama yake anafua hospitalini. Niliona haki ya mama yule ni kuambiwa. Nilikwenda kwake Jumapili baada ya kanisa. Nikamweleza yote, sikuficha kitu: wale wanalipwaje, sisi tunalipwaje, Demetric yuko vipi sasa, ni nani anayemgeuza kitandani. Nilimwambia kama anataka kumtoa mwanawe timuni, nitamsaidia mimi mwenyewe, na ada yake nitahangaika nayo.

Alinisikiliza mikono ikiwa mapajani. Hakulia. Akaniuliza, "Basi litaondoka saa ngapi siku hiyo? Nataka kumkaangia kuku wa njiani."

Njoo upesi.

Dada yako,
Vernita